Kabla Hujasema Jack Robinson

Katika maandishi haya sitamtaja mtu kwa jina. Sababu si woga. Mimi ni mke wa mtu, na kwetu Ugogo mke hatamki jina la baba mkwe wake, hata akiwa peke yake kisimani. Jina la baba mkwe wangu ni jina la chombo ambacho kila mtu hapa anakishika mvua zikianza, kwa hiyo tangu niolewe nakiita "kile cha kulimia". Nimelima misimu miwili kwa kile cha kulimia. Nimeazima kwa jirani kile cha kulimia, na jirani akanipa bila kuuliza, maana na yeye ana cha kwake asichokitaja. Kama siwezi kumtaja mzee niliyekaa naye ua mmoja, sioni kwa nini wengine watajwe.

Isipokuwa mtu mmoja. Huyo anaitwa Jack Robinson, ni Mwingereza, na sijawahi kumwona. Yeye namtaja kwa makusudi.

Mwaka huo reli ilikuwa imeshatupita. Mume wangu aliifuata kwenda kubeba mataruma huko mbele inakoelekea, akaniacha kwenye tembe la wazazi wake, upande wa Nzuguni, pamoja na mtoto wetu wa kike wa miezi mitano. Huku nyuma, karibu na Ihumwa, ilibaki kambi ya wapasua kokoto, na wapasua kokoto wanakula nyama. Jumbe akaagizwa kila kaya itoe dume moja. Agizo lilisema dume. Nakumbuka kwa sababu mimi ndiye niliyewasomea majirani karatasi yenyewe. Kwenye matembe yote yanayoonekana kutoka kwetu hakuwapo mwingine aliyekaa shule ya misheni mpaka darasa la juu kabisa, lile la kufunzwa ualimu. Mimi nilikaa. Kisha nikaolewa.

Madume yetu yalikuwa malishoni, mbali, na baba mkwe. Nyumbani alikuwapo ng'ombe mmoja tu, jike jeusi lenye baka jeupe begani, lililozaa wiki tatu nyuma. Alibakizwa kwa ajili ya mtoto wangu. Baada ya kujifungua nilipata jipu la titi, likapasuliwa, na homa ilipokwisha maziwa nayo yakawa yamekwisha. Mtoto aliishi kwa ng'ombe yule. Nalisema mapema ili msomaji asije akadhani naandika habari za mifugo.

Askari alikuja Jumatatu asubuhi na mtu wa jumbe. Nilikuwa natwanga uwele.

"Huyu hapa," akasema askari.

"Huyo ni jike," nikasema.

"Ng'ombe ni ng'ombe."

"Karatasi imesema dume. Nimeisoma mwenyewe."

"Wewe umeisoma. Mimi nimetumwa."

"Ana ndama wa wiki tatu."

Akamtazama ndama kwa muda. "Ndama simchukui," akasema, kama mtu anayenifanyia hisani.

Mtu wa jumbe, ambaye ananijua tangu utoto, alikuwa anaangalia paa la tembe letu kana kwamba anataka kulinunua. Wakamfunga kamba, wakamvuta. Ng'ombe aligeuza kichwa kila hatua. Ndama alilia mpaka wakapotea kwenye vichaka, kisha akaendelea.

Kwa asiyefuga, nieleze. Ng'ombe wetu hawatoi maziwa bila ndama. Unamleta ndama, ananyonya kidogo, mama yake analainika na kuachia, ndipo unamvuta ndama pembeni, unamfunga mbele ili mama amlambe, na wewe unakamua haraka. Usipomleta ndama, unaweza kuvuta chuchu mpaka jua lizame, utapata teke. Kwa hiyo askari alikuwa amechukua ng'ombe asiyeweza kumnywesha mtu yeyote, akatuachia ndama asiyeweza kuishi. Walibaki mbuzi wawili wenye maziwa, na kiangazi kile walijaza kikombe cha bati asubuhi na nusu yake jioni. Mtoto alikihitaji chote. Ndama naye alikihitaji chote, na zaidi.

Kesho yake, Jumanne, nilimfunga mtoto mgongoni nikaenda misheni. Ni mwendo wa saa tatu. Mama mkwe alikuja pia. Hakuwa anaipenda misheni, na Kiswahili anakijua cha sokoni tu, lakini hakuniamini na habari ya ng'ombe. Alitembea mbele yangu njia nzima na fimbo yake, akisimama tu kupanguza mate ya ugoro.

Misheni ile ni ya Waingereza. Serikali ni ya Wadachi, hao Wajerumani, reli ni ya Wadachi, na katikati wako Waingereza wawili, padre na mkewe, wanaotufundisha kusoma. Huyo mke sisi tulimwita Bibi. Alinifundisha miaka sita. Alikuwa mtu mwema, mwenye mikono myekundu na haraka nyingi, na Kiswahili chake kilikuwa Kiingereza kilichovalishwa kanga. Maneno yalikuwa yetu, mwendo ulikuwa wa kwao. Darasani tulizoea. Akisema "mvua inaanguka paka na mbwa", tuliandika tu.

Aliponisikiliza, alikasirika kuliko mimi, jambo ambalo lilinituliza. Akaketi papo hapo, akaandika barua kwa Kidachi kwenda kwa bwana mkubwa wa boma la Dodoma, akaeleza agizo lilikuwa dume, na kwamba yuko mtoto mchanga. Akaipiga muhuri. Akaniambia mtu wao anakwenda Dodoma alfajiri ya kesho na ataipeleka. Kisha akanigusa bega, akasema kwa furaha kabisa:

"Usihofu kitu. Ng'ombe wako atakuwa nyumbani kabla hujasema Jack Robinson."

Kengele ikalia. Bibi alikuwa mtu wa kengele. Akainuka, akakusanya vitabu, akaondoka mbio kwenda darasani.

"Amesemaje?" akauliza mama mkwe.

Nikamtafsiria kwa Kigogo, neno kwa neno, kama nilivyofundishwa. Ng'ombe atarudi kabla sijalisema jina la Jack Robinson.

"Ndiye nani?"

"Sijui, mama."

"Muulize."

"Ameshaingia darasani."

Ningeweza kusubiri. Kipindi si kirefu. Lakini mtoto alikuwa analia kwa njaa, na mama mkwe alikuwa ameshashika fimbo. Tukaondoka. Hilo ni kosa langu la kwanza, na naliandika mwenyewe ili nisimsikie mtu mwingine akilisema.

Mama mkwe hakuzungumza mpaka tulipofika korongo la mchanga, nusu ya njia.

"Ni mzee?" akauliza.

"Nani?"

"Huyo wa jina."

"Labda."

"Na yule Bibi ameolewa?"

"Si unamjua padre, mama?"

"Basi ni baba yake padre. Amelitaja mara moja tu, ili sisi tuelewe."

Yeye akaketi juu ya jiwe, akatoa ugoro, akavuta, akafikiri. Nikaona mawazo yake yanafika mahali.

"Amekataa," akasema.

"Hajakataa, mama. Ameandika barua."

"Barua ameandika. Ng'ombe amekataa. Sikiliza, mke wa mwanangu. Mimi nikikwambia nitakupa kitu siku utakapotaja jina la mkweo, nimekwambia nini?"

"Umeniambia sitapata."

"Ehe."

"Lakini hakusema siku nitakapotaja. Amesema kabla."

"Kabla ya siku isiyokuwapo ni lini?"

Shuleni nilisoma hesabu mpaka mafungu. Hilo hatukulisoma.

"Amesema nisihofu," nikajaribu tena.

"Na wewe ukimnyima mtu kitu, utamwambia ahofu?" Akasimama, akajipangusa mchanga. Nilitegemea kumwona amekasirika. Alikuwa ameridhika. "Mimi nilidhani wale hawana haya. Wanawake wao wanawaita waume zao kwa majina mbele za watu, nimesikia kwa masikio yangu. Kumbe yule ana wakwe, na anaona aibu kama watu. Hakutaka kukuvunja moyo mbele yangu. Ana adabu yule."

Akatembea tena mbele yangu. Njia nzima iliyobaki alikuwa anamsifu Bibi.

Nataka nieleweke. Sikuamini kwamba Bibi amekataa. Nilimjua. Lakini pia sikujua Jack Robinson ni nani, wala kwa nini jina lake lisemwe au lisisemwe, na mama mkwe alikuwa na maelezo, mimi sikuwa na kitu. Mtu mwenye maelezo anatembea mbele.

Jumatano jioni baba mkwe akarudi kutoka malishoni, amepata habari njiani. Akaketi kwenye kigoda chake uani. Mimi kwa adabu nilisimama nyuma ya mama mkwe, maana siongei naye uso kwa uso. Anamuuliza mkewe, mkewe ananigeukia, najibu, mkewe anarudisha, hata kama sote watatu tunasikia vizuri.

"Mliambiwa nini misheni?"

Mama mkwe akamweleza, barua, muhuri, na jina. Mzee akalirudia lile jina mara mbili, polepole, kwa shida. Kwake halikuwa la mkwe, aliweza kulisema.

"Mwulize aliyesoma," akasema, "hilo neno kwa hao Wazungu lina maana gani."

Nilikuwa nimekaa katika kaya ile mwaka mmoja na nusu. Kusoma kwangu walikuwa wamekuvumilia, kama mtu anavyovumilia mke mwenye kigugumizi. Nilisoma karatasi za jumbe, basi. Siku ile ndiyo mara ya kwanza waliuliza shule yangu swali lenye uzito, na miaka yote sita ilikaa kimya kifuani mwangu kama kuku aliyenyeshewa.

"Sijui," nikasema. "Lakini nadhani ni upesi."

"Anadhani au anajua?"

"Anadhani," mama mkwe akamjibu, kabla sijafungua mdomo.

Ndama alikuwa amelala karibu na ukuta. Siku tatu za maziwa ya mbuzi nusu nusu zilikuwa zimemfanya mbavu tupu. Mtoto wangu naye alikuwa analia kile kilio kidogo, kikavu, ambacho si cha kudeka. Mama mkwe alikuwa ametoka kukamua mbuzi, kikombe kiko mkononi, hakijafika nusu. Akanigeukia.

"Haya ya jioni," akasema. "Nimpe ndama au nimpe mtoto?"

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kwa sababu jambo lilikuwa hilo. Ng'ombe akirudi kesho au keshokutwa, ndama ni lazima awe hai, la sivyo ng'ombe ni ngozi na pembe. Ng'ombe asiporudi, kila tone linaloingia kwa ndama limeibwa kwa mtoto.

"Mtoto," nikasema.

"Basi umeamua," akasema mama mkwe.

Nimelifikiri jambo hili mara nyingi kuliko yale niliyofundishwa katika miaka yote sita. Sijampata mama ambaye angejibu vingine. Hilo halinisaidii.

Alhamisi asubuhi baba mkwe alimchinja ndama. Ngozi mama mkwe akaiwamba chini, juani, kwa vijiti. Nyama ilikuwa kidogo. Nilikula. Ilikuwa laini.

Ijumaa, jua likiwa utosini, tukasikia ng'ombe.

Tulimsikia kabla hatujamwona. Alikuwa anakuja anapiga kelele, chuchu zimevimba na kung'aa, na nyuma yake askari yule yule amening'inia kwenye kamba kama yeye ndiye anayepelekwa. Mkononi ana karatasi ya boma. Nikaipokea, nikaisoma. Ilisema mwenye ng'ombe jike arudishiwe, atoe dume mahali pake, na kwamba aliyekosea ameonywa.

"Ameonywa nani?" nikamuuliza.

"Mimi," akasema askari. "Na ng'ombe wenu mchoyo. Tumemkamua watu watatu kwa zamu, hakutoa hata tone. Amempiga mpishi teke hapa." Akaonyesha hapa.

Hakuna aliyecheka. Ng'ombe alikuwa ameshakwenda moja kwa moja kwenye kona ya ndama. Akanusa ukuta. Akanusa kamba. Akazunguka ua, akafika kwenye ngozi iliyowambwa, akasimama. Akashusha pua.

Mama mkwe alikuwa mlangoni. Akaangalia ng'ombe, akaangalia ngozi, akaniangalia mimi. Nilihesabu vidoleni. Jumanne barua, Ijumaa ng'ombe. Siku tatu. Kumbe Jack Robinson ni siku tatu.

Tukajaribu kumkamua jioni ile. Mama mkwe akamwimbia, akampapasa, akamkandia chuchu kwa maji ya moto. Akatupiga teke sote wawili, kwa usawa.

Jumamosi alfajiri nikamfunga mtoto mgongoni nikaenda misheni peke yangu. Mwendo wa saa tatu niliutembea kwa muda mfupi zaidi. Nilikuwa na hasira na askari, na jumbe, na reli, na mume wangu aliyeifuata reli, na mama mkwe, na mimi. Lakini hasira zile zote zilikuwa na watu ninaowajua, na ukishamjua mtu hasira inapata mahali pa kukaa. Kilichonisukuma ni yule nisiyemjua.

Niliwakuta barazani wanakunywa chai, Bibi na padre. Mpishi wao, mtu mzima wa Unguja aliyewahi kufanya kazi katika meli za Waingereza, alikuwa amesimama na birika.

"Shikamoo, Bibi. Shikamoo, Baba Padre."

"Marahaba, mwanangu! Ng'ombe amefika?"

"Amefika. Jack Robinson ni nani?"

Bibi akacheka. Akaona sicheki, akaacha.

"Ni usemi tu," akasema. "Maana yake ni upesi. Upesi sana."

"Najua sasa ni upesi. Nauliza ni nani."

"Aa." Akaweka kikombe. "Wanasema alikuwa bwana mmoja wa zamani, mwenye haraka. Akienda kuwatembelea watu, mtumishi wa mlangoni anaingia kumtangaza, na kabla hajamaliza kulitamka jina, bwana ameshabadili nia na kuondoka."

"Si hivyo," akasema padre, kwa upole wa mtu ambaye amengoja nafasi. "Alikuwa mkuu wa ngome ya mfalme. Ngome ya kukatia vichwa. Wakati wake kazi ilifanyika haraka, na jina ni lake."

"Mpenzi, hiyo sijaisikia kamwe."

"Baba yangu aliniambia."

"Mimi nilisikia ni baharia," akasema mpishi. Wote wakamgeukia. "Ndiyo. Melini walinambia. Meli ikitia nanga wanaita majina, na huyo likifika lake keshashuka, yuko kwenye pombe. Hata siku moja hakuitika. Mimi nilifanya kazi na mtu aliyefanya kazi na mtu aliyemdai."

Padre akasema hilo haliwezekani, kwa sababu usemi ni wa zamani sana kuliko mtu yeyote anayeweza kudaiwa. Mpishi akasema yeye anasema alichoambiwa. Bibi akasema huenda hakuwapo mtu kabisa, huenda watu walichukua jina la kawaida, lililo jepesi mdomoni, kama sisi tunavyosema fulani. Wakaendelea hivyo kwa muda, kwa heshima nyingi. Nikawasikiliza. Watu watatu, Jack Robinson watatu, mmoja anaondoka mlangoni, mmoja anakata vichwa, mmoja amelewa, na wa nne hayupo. Hakuna kati yao aliyewahi kumwona, na wote walikuwa wanamtumia.

"Alikuwa na mkwe?" nikauliza.

Bibi akanigeukia.

"Kwa nini, mwanangu?"

Nikamweleza Bibi. Nilimweleza vizuri, kwa mpangilio, kama alivyonifundisha kujibu mtihani. Kwamba kwetu jina linalochelewa kutamkwa ni jina la mkwe. Kwamba halichelewi tu, halitamkwi mpaka kaburini. Kwamba mama mkwe alisikia ahadi yake, akaielewa kuwa ni kukataa kwa adabu, na akamsifu. Kwamba kulikuwa na kikombe nusu cha maziwa ya mbuzi, na ndama, na mtoto huyu hapa mgongoni. Kwamba nilipoulizwa nilisema mtoto.

Bibi alikuwa amepauka. Padre alikuwa anaangalia chai yake.

"Lakini si angejua ni mzaha," Bibi akasema polepole. "Jina lolote tu. Mtu yeyote anaweza kulisema."

"Bibi, wewe baba yake padre unamwitaje?"

"Namwita Baba."

"Jina lake hulisemi?"

Akamtazama mumewe, kama vile amuulize kama amewahi.

"Sijawahi," akasema. "Lingekuwa jambo la ajabu."

"Basi," nikasema.

Hapo alilia kidogo. Sikumbembeleza. Alisema pole mara nyingi, kwa Kiswahili kisicho na kanga juu yake, na nilizipokea zote kwa sababu zilikuwa za kweli. Lakini nilisema nililokwenda kusema.

"Bibi, ukitaka kusema upesi, sema upesi. Neno lipo. Ukijua ni siku tatu, sema siku tatu. Ndama angekunywa kidogo, na mtoto angekunywa kidogo, siku tatu wote wangefika."

"Sikujua ni siku tatu," akasema.

"Basi ungesema hujui. Na mimi ningesubiri kipindi kiishe, nikuulize. Hilo la pili ni langu."

Akaingia ndani, akatoka na kopo la maziwa ya Ulaya. Akasema ni la mwisho mpaka mzigo mwingine ufike, na mzigo hawajui utafika lini. Nilifurahi kwamba alisema hawajui. Nikalichukua. Sikulikataa kwa heshima wala kwa hasira. Mtoto alikunywa pale pale barazani, akatapika kidogo kwenye mkeka wa padre, akanywa tena.

Niliporudi jua lilikuwa linashuka. Mama mkwe alikuwa ameketi uani, ngozi ya ndama iko mapajani. Alikuwa ameing'oa kwenye vijiti ingali mbichi upande mmoja, akaikunja, akaishona kwa kamba ya mkonge, na alikuwa anaishindilia nyasi kavu kwa mpini wa mwiko. Miguu ilikuwa imesimama minne, mifupi. Kichwa hakikuwapo. Kando yake palikuwa na bakuli la chumvi ya Bahi, imelowanishwa.

Nilikuwa nimesikia kwamba watu hufanya hivyo ndama akifa, ili mama yake adanganyike na kuachia maziwa. Sikuwa nimewahi kuona.

"Haya," akasema bila kuinua uso. "Walisemaje?"

"Maana yake ni upesi."

Akaendelea kushindilia. "Na mwenyewe ni nani?"

"Hawamjui."

"Hawamjui, na wanamtaja?"

"Kila siku, mama."

"Na watoto wao wanasikia?"

"Ndiko wanakojifunzia."

Akatikisa kichwa. Akapaka chumvi ile mgongoni mwa ngozi, kwa kiganja, polepole, mpaka shingoni palipokatwa. Akanawa mikono. Nilidhani mazungumzo yamekwisha.

"Nilimharakisha mzee," akasema. "Alitaka kungoja mpaka Jumapili. Mimi ndiye niliyemwambia achinje."

Kwa mama mkwe wangu hayo ni maneno mengi. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima kumwambia mambo kadhaa, na alikuwa amelisema moja lililoyabeba yote.

"Mimi ndiye niliyesema mtoto," nikasema.

"Ungesema nini?" Akainuka, akashika kibuyu. "Njoo. Wewe shika hiki, mimi nikamue. Kiweke mbele yake, chini ya pua. Kikianguka ameshajua."

Nikapiga magoti mbele ya ng'ombe, mtoto mgongoni, nimekumbatia kile kitu kwa mikono miwili. Kilikuwa chepesi sana. Kilinuka chumvi na ndama. Ng'ombe akarudisha kichwa nyuma, akapuliza. Akashusha pua tena. Akasubiri. Nikaona jicho lake moja, jeusi, karibu kabisa na langu.

"Usimwangalie machoni," mama mkwe akasema kutoka upande wa nyuma, kwa sauti ya chini. "Anaelewa. Ukimwangalia atakataa."

Nikaangalia pembeni, kwenye ukuta. Nikasikia ulimi wake mkavu ukipita juu ya ngozi, mara moja, kisha tena, ukianza shingoni pasipo na kichwa na kuteremka mgongoni kama anavyofanya kwa mtoto wake. Mama mkwe hakuimba. Alinong'ona kitu na ng'ombe, sijui nini, kati yao wawili. Muda ulipita. Magoti yaliniuma.

Kisha maziwa yakagonga chini ya kibuyu. Yakakatika. Yakagonga tena, yakaendelea, si mengi, lakini yakaendelea. Mtoto mgongoni aliusikia mlio ule. Akaacha kulia, akaanza kunipiga bega kwa kiganja, na mimi nikabaki pale pale nimeshika ndama wa nyasi, naangalia ukuta.